Magoti ya Mama Jeanne

Jina langu ni Abibu. Siku sita za wiki nilikuwa fundi cherehani, na siku ya saba nilikuwa mdomo wa sinema. Nalisema hilo bila haya, maana vijana wa leo wanadhani picha zilikuwa zinajieleza zenyewe. Hazikujieleza. Katika jumba la burudani la kambi ya wafanyakazi wa shaba, ambalo sote tuliliita Cercle, watu mia nne walijazana kwenye mabenchi kila Jumapili saa tisa alasiri, mapazia meusi yamefungwa, na Kifaransa cha wengi wao kiliishia kwenye bonjour. Mimi nilikaa kwenye kiti kirefu kando ya turubai, mikrofoni mkononi, nikawaambia nani amesema nini na kwa sababu gani. Bila mimi wangetazama farasi tu.

Wapo wenzangu wa kambi nyingine waliokuwa wakitunga papo hapo. Mimi nilikuwa na adabu ya kazi. Kila Jumatano niliitazama picha kwanza, pamoja na Amisi mwendesha mashine, wawili peke yetu ukumbini, daftari langu likiwa mapajani. Ni kweli niliongeza chumvi mara mojamoja. Kuna mwaka nilimpa mkuu wa majambazi jina la fundi mmoja wa Kenya, mtaa wa hapahapa mjini kwetu, aliyekuwa akininyang'anya wateja, na watu walimcheka hadi mvua zikaanza. Sijutii.

Basi mwaka 1981 ikaja picha iliyotuhusu sisi.

Nkandu, ambaye kabla ya sheria ya majina, ile iliyokataza majina ya kizungu, tulimwita Stanislas, alizaliwa kambini humohumo. Akasoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu, akaandika riwaya ya Kifaransa juu ya maisha ya mama yake. Watu wa sinema wa Kinshasa wakaisoma, wakaja na malori na mataa, wakapiga picha miezi miwili, wakaenda zao. Sasa filamu ilikuwa tayari, na kabla haijaonyeshwa popote pengine ingeonyeshwa kwetu. Tulivimba vichwa, nakubali. Tulikuwa tumeshatazama maisha ya majenerali, ya wapiga ngumi, ya mabibi wa majumba ya Ulaya waliotolewa kwenye vitabu vinene. Mjane wa mtu wa tanuru hatukuwahi kumwona kwenye turubai, na mjane huyo alikuwa wetu.

Mama Jeanne mwenyewe, mama yake Nkandu, sheria ya majina haikumpata. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina lingine, lakini sikumsikia mtu akithubutu kumwita kwa hilo. Kisa chake kila mtu alikijua. Mwaka 1957 mume wake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba nyumba ni ya mfanyakazi. Akifa, mjane anapewa siku nane, anafunga mizigo, anarudi kwao. Kwao Mama Jeanne ni Mitwaba. Hakurudi. Alikaa katika nyumba ile miezi kumi na mmoja, mpaka mwanawe alipomaliza mtihani wa shule ya msingi, akiuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mlangoni pake. Kisha akahamia kwenye kiwanja chake mwenyewe, mtaa wa Bel-Air, akajenga. Namna alivyoweza kubaki, hapo ndipo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Riwaya ilikuwa na yake pia.

Jumatano ile mimi na Amisi tukakaa kutazama. Bobini mbili za mwanzo, yaani mizingo miwili ya filamu, nilifurahi kama mtoto. Moshi wa bomba letu kubwa ule pale, nyumba zetu zile pale, mstari kwa mstari. Kisha bobini ya tatu. Gari jeupe la mkuu wa kambi linafika. Mzungu anashuka, anatembea mpaka mlangoni, anabisha. Mlango unafunguka, mjane anatoka, anaanguka kwa magoti, anaishika suruali ya mzungu kwa mikono miwili. Analia, uso wote maji. Anamwomba amhurumie yeye na mtoto wake, kwa Kifaransa kizuri kuliko cha mzungu mwenyewe. Mzungu anatazama pembeni, anakubali. Vinanda vinalia.

Amisi akazima mashine.

"Ile maneno utaisema?" akaniuliza.

"Njo kazi yangu."

"Na yeye atakuwa anaikala pale mbele."

Nikarudi kwenye daftari langu. Nilikuwa na hasira hata kalamu ikatoboa karatasi. Nilimshonea mama yule nguo kwa miaka ishirini, na hata nilipompima pindo hakukubali kuinamisha kichwa kunitazama. Leo kambi nzima, na wajumbe wa Chama, na wageni wa Kinshasa, wamwone akigaragara miguuni mwa mtu, na sauti ya kuomba iwe yangu.

Nikafikiri nitabadilisha. Ningesema mama ameangusha ufunguo, anautafuta. Nilikuwa nimeshafanya makubwa kuliko hayo. Lakini kesho yake Citoyen Mukalayi, mkuu wa Cercle, akanifuata mpaka kwenye cherehani yangu. Mtu mnene, mpole, mwenye kuogopa kila mgeni anayeshuka kwenye ndege.

"Abibu, siku ya yenga, hii Jumapili, hapana kuongeza kitu," akasema. "Mwenye kutengeneza filme atakuwa pale. Bantu ya Chama batakuwa pale. Texte ni texte, maneno ni yale ya mu filme. Ukiharibu, micro nitaipa muntu mwingine, na haitarudia kwako."

Alikuwa anasema kweli, na watungaji wa papo hapo wa kumpa walikuwa wengi.

Ijumaa baada ya sala nikapanda basi kwenda Bel-Air kumjaribisha Mama Jeanne nguo yake ya Jumapili. Alikuwa ameniletea vikwembe vipya, vitenge vya buluu na manjano, nimshonee libaya, blauzi yenye mikono mipana. Alisimama katikati ya sebule, wima kama nguzo ya umeme, nami nikazunguka na pini mdomoni. Pini ni kitu kizuri. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maneno. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuzuiwa na pini.

"Baba Abibu, ulisha kuiona. Minaona macho yako. Iko mubaya?"

Nikazitoa moja moja. "Iko muzuri, Mama. Nyumba, bantu, byote iko muzuri. Kuko fasi moja tu."

"Fasi gani?"

Nikamweleza. Gari, mlango, magoti, suruali, machozi. Nilisema nikiwa nimeuangalia ukuta. Nilipomaliza alikuwa bado amesimama, mkono mmoja una nguo na mwingine hauna.

"Stanis njo aliandika vile?"

"Filme ilitoka mu kitabu, Mama."

Akaenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe cha kufumwa. Ilikuwa riwaya. Hakujua Kifaransa cha kusoma, na mwanawe alimsomea kurasa za mwanzo tu, juu ya harusi yake na safari ya kutoka Mitwaba. Zilizobaki alimwambia ni za watu wa shule. Aliiweka mezani mbele yangu.

"Nioneshe."

Nikapekua, nikapata. Ilikuwa humo, ukurasa mzima, na hata zaidi ya filamu, kwa sababu mtoto wa kitabuni alikuwa amesimama nyuma ya pazia akitazama, na alikuwa ameapa kwamba atasoma, ili siku moja mama yake asipige magoti tena. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Aliweka kidole juu ya mistari kana kwamba ingemchoma, akakiacha hapohapo.

"Haina vile," akasema mwisho. "Nilifukama, magoti chini, ni kweli. Lakini haikuwa kwa ule muzungu."

"Sasa kwa nani?"

Aliketi, jambo ambalo hakuzoea kulifanya mbele ya fundi.

"Miaka yote njo iko na ile mu roho," akasema. "Kila mwezi analeta sukari, analeta mashuka, ananiuliza, Mama, haukose kitu? Mi nilikuwa nasema, mutoto yangu iko na heshima. Kumbe alikuwa ananionea huruma."

Nilidhani kinachomuuma ni watu wa kambi. Watu wa kambi hakuwajali hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mtoto wake wa pekee, mtu mzima mwenye ndevu za kwanza nyeupe, aliishi miaka ishirini na minne akiamini amesomeshwa kwa machozi.

"Mama, nitageuza," nikasema. "Nitasema ulikuwa unatafuta ufunguo."

Akanitazama vile ambavyo hakuwahi kunitazama, na nikatamani kuwa na pini mdomoni.

"Kuongeza bongo juu ya bongo, uongo juu ya uongo? Hapana. Ukifika pale, unyamaze. Unipe micro."

"Mama, batanikamata ile kazi, batanipokonya. Njo umwambie Nkandu leo, huku ku nyumba, weye na yeye."

"Alisema mbele ya bantu bote. Mi nitasema mbele ya bantu bote." Akainuka, akanyoosha ule mkono usio na nguo. "Malizia. Hapa ku kwapa iko nafinya."

Usiku wa Jumamosi nililala vibaya, sitawadanganya. Nilikuwa na cherehani, nisingekufa njaa. Lakini mtu aliyezoea kunyanyua sauti na watu mia nne wakacheka, akaishusha na wakalia, haachi hilo kirahisi. Mke wangu Sofia akaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Akasema, "Ukimunyima, usirudie hapa," akageukia ukutani, akalala.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele kabisa walikaa wajumbe wa Chama na mwenye kutengeneza filamu, kijana mrefu wa Kinshasa aliyevaa abakosti, lile koti lisilovaliwa tai, ya rangi ya majivu. Kando yake Nkandu, miwani usoni, akitabasamu kwa kila mtu. Kisha Mama Jeanne akaingia. Sitajisifu juu ya nguo ile, wengine wameshanisifu. Watu walisimama bila kuambiwa, bamama wa mistari ya zamani ya nyumba wakapiga vigelegele, na yeye akapita katikati kama anayekwenda kuteka maji, bila haraka. Nkandu alimpangusia kiti kwa leso yake.

Bobini ya kwanza nilifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Ya pili vivyo hivyo. Mume alipokufa nilisikia watu wakivuta kamasi kutoka mbele mpaka nyuma. Texte ilikuwa texte. Mukalayi, pale mlangoni, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha.

Gari jeupe likafika. Mzungu akashuka. Mlango ukafunguka, mjane akaanguka kwa magoti, na mimi nikanyamaza.

Mwanzoni walidhani waya umekatika. Kifaransa kikaendelea peke yake, na machozi, na vinanda. Mtu akapiga mluzi. Mukalayi akaanza kunijia akisukuma magoti ya watu. Nami nikashuka kwenye kiti changu kirefu, nikapiga hatua sita, nikamkabidhi Mama Jeanne mikrofoni.

Hakupanda popote. Alisimama pale alipokuwa, mgongo kwenye turubai, uso kwa watu.

"Amisi, punguza ile kelele," akasema. Vinanda vikafa. "Mi njo Jeanne. Ile mwanamuke iko nalia kule nyuma yangu, banasema njo mimi. Iko nalia muzuri. Lakini mi sikulia."

Mukalayi, katikati ya mabenchi, akasita.

"Ile siku muzungu alikuya na motokari, kweli. Lakini hakukuya ku mulango. Aliikala ku motokari, akatuma polisi ya kampi alete karatasi ya kunifukuza. Na polisi ya kampi ilikuwa nani? Banaojua baseme."

"Mzee Kapya," akajibu mwanamke mmoja mzee kutoka benchi la katikati. Alikuwa Mama Hortense, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwake.

"Mzee Kapya. Ndugu mukubwa wa baba ya bwana yangu. Baba-mukwe wangu. Kwetu Mitwaba, mwanamuke hapokee kitu mu mukono ya baba-mukwe akiwa amesimama. Nilifukama, nikapokea karatasi na mikono mbili, nikamusalimia. Ingekuwa alinipa sumu, ningefukama vilevile juu ya kuwa iko mukwe. Kiisha nikasimama. Nikapita pembeni yake, nikaenda mpaka ku motokari. Nikamwambia ule muzungu: bwana yangu hata siku makumi ine hazijatimia. Bakwe bangu hawajanitosha, hawajanitoa mu matanga. Mwenye kunitosha mu hii nyumba ni beye bakwe, haina karatasi. Siku beye banasema toka, njo nitatoka. Na nikamurudishia karatasi yake mu dirisha."

"Ni kweli," akasema Mama Hortense, akiwa bado ameketi. "Nilikuwa natwanga. Niliacha kutwanga."

"Na Mzee Kapya akaenda ku bakwe wote, nyumba kwa nyumba," Mama Jeanne akaendelea, "akabambia: musimutoshe huyu mwanamuke mu matanga mpaka mutoto amalize masomo. Njo vile nilivaa nyeusi miezi kumi na moja. Muzungu alingoja bakwe, bakwe banasema bado. Kila wiki, bado. Mwisho akachoka kuuliza."

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wazee wa tanuru, kikapita benchi hadi benchi. Mimi nilikuwa namtazama Nkandu. Alikuwa amevua miwani. Nilielewa alichokiona utotoni: kutoka nyuma ya pazia aliona mama yake chini, suruali ya kaki ya polisi, na ng'ambo yake mzungu kwenye gari. Mtoto wa kambi, aliyekua kati ya makabila ishirini, hakuna aliyemfundisha namna wanawake wa Mitwaba wanavyomsalimu mkwe. Akajijazia mwenyewe yaliyobaki.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, lakini mikrofoni iliichukua, "juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Uliandika tu."

Mukalayi alikuwa amefika. Akanyoosha mkono kuchukua mikrofoni, na yule kijana wa Kinshasa, bila hata kugeuka, akamshika mkono na kumketisha.

Mama Jeanne akageuka, kwa mara ya kwanza, akaitazama turubai. Amisi alikuwa amezima mwendo lakini si taa. Picha ilikuwa imesimama, na mwigizaji bado yuko chini, ameishikilia suruali.

"Huyu naye ni mutoto ya bantu," akasema. "Hapana kumuacha pale chini. Amisi, mashine yako haiwezi kumusimamisha?"

Mashine ya Amisi ilikuwa na kishikio cha kurudisha nyuma, cha kutumia utepe unapokwama. Akakigeuza.

Machozi yakapanda mashavuni mwa yule binti, yakaingia machoni, macho yakakauka. Vidole vyake vikaachia suruali. Magoti yakanyooka, akainuka wima mbele ya mzungu, akamtazama usoni, akarudi ndani kwake kinyumenyume, na mlango ukafungwa. Mzungu akabaki peke yake nje. Akabisha hewa, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye gari, akaingia, na gari likaondoka kwa nyuma, likapita nyumba zetu zote mstari kwa mstari, likapotea.

Nilikuwa mdomo wa sinema miaka kumi na tisa. Sijawahi kusikia ukumbi ule ukipiga kelele namna ile. Wazee waligonga mabenchi kwa ngumi. Mama Hortense alikuwa amesimama juu ya lake, na mwenye kutengeneza filamu alikuwa akicheka huku akiandika kitu kwenye kipande cha karatasi, kwa haraka, kalamu ikikwama. Mimi nililia, kwa kujivuna, na simwonei mtu haya.

Mikrofoni ilirudi kwangu. Nikamalizia bobini hiyo na ya nne, neno kwa neno, ingawa hakuna aliyenisikiliza.

Tulipotoka, jua lilikuwa bado kali. Cercle ina ngazi saba za saruji, mwinamo mkali, na watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili kumwona akishuka. Nkandu akawahi mbele, kama alivyofanya siku zote, akamnyooshea mkono amshike kiwiko. Mama Jeanne akasimama kwenye ngazi ya juu. Hakuukataa mkono. Aliutazama tu, kisha akamtazama mwenye mkono. Nkandu akaurudisha mwenyewe. Akajiweka pembeni, akampisha, na mama yake akakusanya vikwembe vyake vya buluu na manjano, akashuka ngazi zote saba peke yake. Mwanawe alimfuata nyuma, hatua mbili, akiwa amembebea mkoba.